Kujiinua kwa Mikono, na Kosa la Ubao Wetu

Leo twataka kuzungumza habari ya mazoezi ya viungo yasiyohitaji chombo cha kununua, yale ambayo mzigo wake ni mwili wa mtu mwenyewe: kujiinua kutoka chini kwa mikono, ambako vijana hukuita pushapu, kujivuta juu ya mti, na kusimama kwa mikono, miguu ikielekea mbinguni. Hapa kwetu Lisekese, chini ya majabali ya Masasi, uwanja wa mchanga watosha. Hakuna shule iliyo maskini hata ikayakosa mazoezi haya, wala kule Newala juu ya uwanda wa Makonde. Lakini wengi huyafanya ovyo, nasi waalimu ndio tuwafundishao ovyo, kwa hiyo yafaa tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule tuliyokuwa tukifundisha, tulitundika ubao chini ya mwembe, tukaandika majina ya wavulana wa darasa la sita, na mbele ya kila jina hesabu ya mara alizojiinua. Mshindi alipewa daftari na penseli. Mvulana mmoja alifika 41, akashangiliwa na shule nzima. Mwingine, mtoto mpole wa mchonga vinyago, alijiinua mara 9, akakoma. Tulimwambia mbele ya wenzake kwamba ni mvivu.

Mtoto yule hakujibu neno. Ila kila usiku alikwenda nyuma ya nyumba yao akajiinua pasipo kupumzika, huku akiifukuza hesabu ya mwenzake. Baada ya majuma machache hakuweza kuinua mkono wa kuume hata kuvaa shati. Bega lilikuwa limeumia. Baba yake alikuja shuleni akiwa bado na vumbi la mpingo mikononi, akatusalimu kwa adabu, akasema, “Mwalimu, mimi nikichonga, hakuna aniulizaye nimepiga tezo mara ngapi. Huuliza kama kinyago kimesimama. Wewe mwanangu ulimhesabia nini?”

Hatukuwa na jibu. Tulipokumbuka siku ile ya mashindano tuliona yale tuliyokataa kuyaona. Yule wa 41 kiuno chake kilining’inia kama kitanda cha kamba kilicholegea. Kifua hakikukaribia chini hata mara moja. Kichwa kilitangulia mbele kama cha kuku anayedonoa. Yule wa 9 alishuka polepole, mwili umenyooka kama mchi, akafika chini kabisa, akapanda. Kisha tukamfundisha kwa maneno yetu kwamba kufanya vile ni uvivu, naye akatusadiki.

Basi namna iliyo sawa ni ipi? Mkipenda, simameni hapo mlipo, kila mtu aweke viganja ukutani, usawa wa kifua, miguu ikiwa hatua moja au mbili nyuma. Kaza matako. Kaza tumbo kana kwamba mtu atakupiga kofi la tumboni. Sasa mtu akitazama ubavuni mwako ataona mstari mmoja tangu kisigino mpaka kisogoni. Mstari huo ndio kiini cha habari yote ya leo. Kunja viwiko, mwili usogee ukutani kwa hesabu ya tatu, tua kidogo, sukuma urudi. Kama kiuno kimetangulia au kimebaki nyuma, mstari umevunjika.

Wako watakaocheka, waseme kwamba kusukuma ukuta ni mchezo wa wazee. Na wacheke. Mtu alalaye chini na kujiinua kwa mikono hubeba mikononi karibu theluthi mbili za uzito wake, na zaidi kidogo anapokuwa chini kabisa. Mvulana wa kilo 60 basi hubeba kama kilo 40, na hakuna mwenye akili ampaye mtoto wake gunia la namna hiyo siku ya kwanza. Ukutani mzigo ni mdogo. Mtu akishaweza ukutani, na ashike meza, kisha kiti kisichoyumba, kisha gogo, na mwisho ardhi. Kadiri mikono inavyoshuka, ndivyo mzigo unavyozidi, wala hapana haja ya kununua chuma.

Sasa mabega, maana ndipo wengi wanapoumia. Mikono ikae chini ya mabega, au nje yake kidogo, vidole vikielekea mbele. Viwiko visitanuke pande zote mbili mpaka mikono ifanye msalaba na mwili. Viende nyuma kwa mshazari, kati ya ubavu na msalaba huo. Mwenye kutanua viwiko hulibana bega vibaya kila ashukapo. Tena tazameni makombe ya mabega, ile mifupa bapa ya mgongoni. Mtu anaposhuka, makombe hukaribiana. Anapofika juu na kunyoosha mikono, hana budi kuisukuma ardhi mpaka makombe yaachane na mgongo wa juu uinuke kidogo. Wengi huacha kipande hiki cha mwisho, maana hakionekani sana na hakihesabiwi. Lakini ndicho kilifunzacho bega kukaa mahali pake.

Tena kuna jambo la kano. Nyama ya misuli hupata nguvu upesi. Kano, zile kamba ziungazo misuli na mifupa, huchelewa. Kijana husikia nguvu baada ya mwezi, akadhani mwili wote umekuwa tayari, kumbe kano bado. Ndiyo sababu twasema siku ya kazi ifuatwe na siku ya kupumzika, na maumivu ya ndani ya kiungo yasidharauliwe. Uchovu wa misuli si neno, huisha kwa siku mbili tatu. Kiungo kinachochoma ni habari nyingine, na mwenye nacho apelekwe hospitali.

Kujivuta juu ya mti tutakutaja kwa maneno machache. Chimbia nguzo mbili zenye panda, ulaze juu yake mti mnyofu uliopaswa ganda. Kwanza ning’inia tu. Kabla ya kukunja mikono, shusha mabega yaache masikio, ndipo uvute. Asiyeweza kupanda na apande juu ya kiti, kisha ashuke polepole kwa hesabu ya tano. Kushuka huko ni mwalimu mwema kuliko kurusha miguu kama samaki aliyevuliwa.

Kusimama kwa mikono hupendwa na vijana kuliko yote, na karibu wote hukosea namna moja: hutupa miguu ukutani wakiupa ukuta mgongo, mwili ukapinda kama upinde. Ni afadhali kuuelekea ukuta kwa tumbo. Weka mikono chini, panda ukuta kwa miguu polepole, usogeze mikono karibu na ukuta kadiri uwezavyo bila hofu, mbavu zikiwa ndani na mabega yakisukuma. Hapo mgongo hauna nafasi ya kupinda sana. Miaka ya 1960 vijana wa Tanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, na baadaye sanaa hiyo ikafundishwa katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kusimama kwa mikono ni mmoja katika misingi ya sarakasi za Kichina, nao wanaojifunza hukaa hivyo muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuruka.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Mtazameni mama apandaye mtelemko wa uwanda wa Makonde na ndoo kichwani. Mbavu zimekaa juu ya kiuno, shingo ndefu, hatua haitikisi maji. Angelegea kiuno kama yule mshindi wetu wa 41, angefika nyumbani na ndoo nusu. Na mchezaji wa kinyago anayetembea juu ya miti mirefu, je, atasimamaje kama tumbo halikukazwa? Twaliita somo la shule, kumbe bibi zetu walilijua.

Katika michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, msichana wa Romania mwenye miaka 14, Nadia Comăneci, alipewa alama 10 kamili, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea katika michezo hiyo kwa mchezo wa viungo wa wanawake. Mtambo wa kuonyesha alama haukuwa na nafasi ya kuandika kumi, ukaandika 1.00. Watu walishangaa kwanza, kisha wakaelewa. Tuliposoma habari hiyo tulikumbuka ubao wetu chini ya mwembe, tukaona haya mara ya pili.

Ubao ule tuliushusha. Siku hizi katika mafunzo ya waalimu twafundisha hivi: wanafunzi wawe wawili wawili, mmoja akifanya, mwenzake apige magoti ubavuni na kutazama mstari wa mwili. Mstari ukivunjika, hesabu imekwisha, hata kama ni ya nne. Mwalimu asihesabu kwa sauti. Sauti ya hesabu huwafanya watoto wakimbie.

Na yule mtoto wa mchonga vinyago? Tulikwenda kwao, tukamwomba radhi mbele ya baba yake, kwa kuwa tulikuwa tumemwaibisha mbele ya watu. Bega lilipopona alianza ukutani, kisha mezani, kisha kwenye gogo la mkorosho uliokuwa umeangushwa karibu na uwanja. Ilichukua karibu mihula miwili. Asubuhi aliporudi ardhini alijiinua mara 5 tu, nasi tulikuwa tumelala mchangani kando yake, shavu chini, tukitazama kiuno chake.