Meli ya Fahari na Mashua ya Maskini

(Nasaha kwa vijana na familia katika mwezi wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni zake Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.



Leo tuzungumze juu ya meli. Si zile za mizigo zinazoingia Kilindini, bali boti za kifahari za matajiri, ambazo vijana wetu huzitazama kwenye simu mpaka usiku wa manane. Bwawa la kuogelea liko juu ya bahari, helikopta imetua sitahani, na mwenyewe amekaa na miwani yake ya jua. Kijana anashusha pumzi, anasema, "Haya ndiyo maisha!"

Kusema kweli, vyombo hivi vinapendeza. Iko moja iitwayo Azzam, iliyojengwa Ujerumani na kukamilika mwaka 2013. Urefu wake ni mita 180, yaani uwanja mzima wa mpira na zaidi ya nusu ya mwingine. Iko nyingine ya matanga, Koru, ya tajiri wa Marekani Jeff Bezos, iliyokamilika mwaka 2023. Ina milingoti mitatu na urefu wa mita 127. Hiyo hufuatwa na meli ya pili, ya mita 75, inayobeba helikopta na vifaa vya starehe. Meli ina mtumishi wake ambaye naye ni meli!

Sisi watu wa pwani hatuwezi kuona mlingoti na tanga nyoyo zetu zikatulia. Ni damu. Na dini yetu haikukataza pambo wala chombo kizuri. Iliyokatazwa ni israfu, na kujifakhiri mbele za watu. Basi ebu tupige hesabu.

Wenye kazi hiyo hukadiria kwamba chombo cha namna hii hula kila mwaka kama asilimia 10 ya bei yake: mafuta, mabaharia, bima, gati na matengenezo. Ikiwa kimenunuliwa dola milioni 100, basi kila mwaka ni dola milioni 10 nyingine. Dola moja ukiihesabu shilingi 130, hizo ni shilingi bilioni 1.3. Na hizo hutoka hata kama mwenyewe hakukanyaga sitaha mwaka mzima.

Sasa tuwatazame waliokuwa nazo zamani. Mwaka 1865 Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alijengewa London meli ya fahari iitwayo Mahrousa. Ismail alipenda makubwa. Alijenga reli, mifereji na mashule, na hayo ni mema, lakini alijenga pia majumba na akafanya karamu za kuwashangaza wafalme wa Ulaya. Pesa alikopa, kwa riba nzito. Mwaka 1875 deni lilimbana mpaka akauza hisa za Misri katika Mfereji wa Suez kwa Waingereza, kwa karibu pauni milioni 4. Mwaka 1879 akaondolewa madarakani. Na alipotoka Alexandria kwenda uhamishoni alisafiri kwa chombo gani? Kwa Mahrousa hiyo hiyo. Miaka mitatu baadaye, majeshi ya Uingereza yakaingia Misri.

Hayakuishia hapo. Tarehe 26 Julai 1952 mjukuu wake, Mfalme Farouk, naye alipinduliwa, akatoka Alexandria kwa Mahrousa. Meli moja, watawala wawili, na wote iliwapeleka uhamishoni.

Cha tatu kiko Basra, Iraq. Katika miaka ya 1980 Saddam Hussein alijengewa Finland meli iitwayo al-Mansur, ya urefu wa zaidi ya mita 120. Miaka hiyo vijana wa Iraq walikuwa wakifa vitani na Iran, na kuanzia mwaka 1990 nchi ikawekewa vikwazo, watu wakasota. Meli ipo. Inaripotiwa kwamba mwenyewe hakuwahi hata kuipanda. Mwaka 2003 ikapigwa mabomu na ndege za Marekani, ikapinduka ubavu mtoni. Miaka ishirini baadaye, wavuvi maskini wa Basra walikuwa wakipanda juu ya chuma chake chenye kutu kupumzika na kunywa chai. Subhanallah! Aliyejengewa hakuinywea hata chai, na wavuvi wamekunywa.

Je, kila meli kubwa ni israfu? La. Oman wanayo meli ya matanga ya mita 87 iitwayo Shabab Oman ya pili, inayotumika tangu 2014, ikapokea jina la ile ya kwanza ya mwaka 1979. Maana ya jina ni Vijana wa Oman. Nayo ni nzuri, na ina milingoti mitatu. Lakini humo vijana hufunzwa kupanda mlingoti, kukunja tanga, kusoma upepo na kutii nahodha. Meli ile inatengeneza watu. Hata majahazi yaliyokuja kwetu na kaskazi yakileta tende, yakarudi na kusi yamebeba boriti, yalikuwa mazuri na yalilisha nyumba ngapi!

Mkumbuke kisa kilichomo katika Suratul Kahf, tunayoisoma kila Ijumaa. Khidhr alitoboa mashua ya maskini wanaofanya kazi baharini, kwa sababu nyuma yao alikuwako mfalme mwenye kupora kila chombo kizima. Mfalme yule hata jina hakutajiwa. Mashua mbovu ya maskini ndiyo iliyohifadhiwa.

Kijana mwenzangu, huenda unasema, "Mimi sina hata ngalawa, haya yanihusu nini?" Yanakuhusu. Simu ya mkopo ili uonekane, harusi ya deni ili mtaa uzungumze, meza ya futari ambayo nusu yake huenda jaani ilhali jirani amefuturu kwa maji: hiyo ndiyo Mahrousa yako. Tofauti ni urefu tu.

Basi kabla hujanunua, jiulize mambo matatu. Kitambeba nani pamoja nami? Pesa zake ni zangu au ni za deni? Nikiondoka duniani kesho, kitamfaa nani?

Tumwombe Allah atukinaishe na halali yake, na mali atakayotupa aifanye chombo cha kuwavusha na wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.