Elimu ya Uuguzi wa Mifugo Imfuate Mfanyakazi Kazini

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa ufundi na maofisa wa mifugo na utumishi. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya ukurasa huu.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mafunzo ya wasaidizi wa tiba ya mifugo, na hasa juu ya wale wanaotaka kusoma bila kuacha kazi. Naomba nianze na kisa changu mwenyewe, kwa sababu kisa hicho ndicho kilichonifikisha darasani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mhudumu katika kituo kidogo cha mifugo. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha sindano, kushika ng'ombe anapotibiwa na kuchanganya dawa ya josho. Daktari alikuwa mmoja kwa eneo kubwa, na siku alizokuwa safarini wafugaji walinijia mimi. Basi siku moja alikuja mama mmoja mjane, mwenye mtamba mmoja tu, akasema: "Mwanangu, mnyama hali, na mwili unachemka." Nilikwenda. Nilimkuta mtamba ana homa kali, na mitoki iliyo chini ya masikio imevimba. Nilikuwa nimemwona daktari mara nyingi akichoma sindano ya oksitetrasaikilini kwa ng'ombe wenye homa. Nami nikachoma, siku tatu mfululizo. Siku ya tano mtamba akafa.

Daktari aliporudi alimpasua mnyama yule mbele yangu. Koo la hewa lilikuwa limejaa povu. Akanieleza kuwa ile ilikuwa ndigana kali, na dawa niliyotoa ni ya ndigana baridi. Magonjwa hayo mawili yote huletwa na kupe na yote huja na homa. Lakini vijidudu vyake ni tofauti, na dawa ya moja haiponyi nyingine iliyokwisha kupamba moto. Kuvimba kwa mitoki ndiko kungalinionya. Tena ningaliweza kutoa majimaji kidogo ya mtoki, kuyapaka kwenye kioo na kuyapeleka kwenye darubini. Macho yangu yaliiona dalili, bali sikujua maana yake. Daktari hakunikaripia. Alisema tu kwamba sikukosa bidii, nilikosa elimu. Mama yule naye hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Ndugu zangu, kisa hicho kina mafunzo mawili ambayo watu hupenda kuyatenganisha. La kwanza ni kwamba uzoefu peke yake hautoshi. Mtu anaweza kushika ng'ombe miaka ishirini na bado asijue kwa nini maziwa ya ng'ombe aliyechomwa dawa hayafai kunywewa wala kuuzwa mpaka zipite siku zilizoandikwa na watengenezaji wa dawa hiyo. La pili ni kwamba msaidizi yule asiye na cheti ndiye anayefika kwanza kwenye boma. Ataitwa tupende tusipende, na hatuwezi kumwondoa. Linalobaki ni kumwelimisha.

Hatari yenyewe haiishii kwa mnyama. Kimeta, kichaa cha mbwa na ugonjwa wa kutupa mimba humpata mtu vilevile. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya mia moja katika nchi yetu. Mtu wa kwanza kuona kondoo wengi wanatupa mimba kwa pamoja si mkuu wa maabara, ni msaidizi wa kijijini. Akijua maana ya jambo hilo, atatoa taarifa siku hiyo hiyo. Asipojua, atawasaidia wenye kondoo kwa mikono mitupu.

Sasa twende kwenye njia. Mimi nilikwenda chuoni miaka miwili, nikilala bwenini. Niliweza kwa kuwa mke wangu alibeba nyumba yote peke yake. Mwenzangu mmoja, dada aliyeanza kazi nami mwezi mmoja, alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Yeye alikuwa na watoto wadogo na mama mgonjwa. Hakuweza kuondoka miaka miwili, wala mwezi mmoja. Alibaki pale kituoni mpaka alipostaafu. Kijiji kizima kilimwita daktari. Kwenye orodha ya mishahara alikuwa mhudumu. Wengi wenu hapa mnaweza kumtaja mtu wa namna hiyo katika idara zenu. Je, tunasema nini juu yake? Kwamba hakupenda kusoma? La hasha. Tulijenga mlango mmoja tu, nao ulikuwa mwembamba.

Wenzetu wa Uingereza walikutana na swali hili zamani. Mwaka 1961 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Mifugo kilianzisha mpango wa kuwafunza na kuwatambua wasaidizi wa zahanati za wanyama. Wakati huo hawakuruhusiwa hata kuitwa wauguzi, kwa kuwa sheria ililihifadhi neno hilo kwa wauguzi wa binadamu. Walipata jina la wauguzi wa mifugo mwaka 1984. Mwaka 1991 sheria ikarekebishwa, wakaruhusiwa kutoa tiba na kufanya upasuaji mdogo usiofungua tumbo wala kifua, kwa maelekezo ya daktari. Fikirini: tangu kutambuliwa kwa mafunzo hadi kukubaliwa kwa kazi yenyewe katika sheria ilipita miaka thelathini. Heshima haikuja kwa mara moja. Ilipandishwa ngazi kwa ngazi.

Lililo muhimu kwetu ni namna wanavyosoma. Wapo wanaokwenda chuoni siku moja kwa juma na siku nyingine wako kazini. Wapo wanaokusanywa kwa majuma machache, kisha wanarudi vituoni. Wapo wanaosoma nadharia nyumbani kwa njia ya intaneti. Lakini wote, bila kubagua, lazima wafanye mafunzo ya vitendo katika zahanati iliyokaguliwa na kuidhinishwa, kwa saa nyingi zilizohesabiwa. Kila mwanafunzi ana kiongozi wake pale kazini, daktari au muuguzi aliyesajiliwa, ambaye hushuhudia kila ujuzi na kuutia sahihi: kupima joto na mapigo ya moyo, kutakasa vyombo, kumwangalia mnyama aliye katika nusukaputi, kufunga jeraha. Mwishoni wote hufanya mtihani wa vitendo kwa muda uliopimwa, mbele ya watahini.

Naomba tulitazame jambo hilo vizuri, maana hapa ndipo penye hofu ya walimu wengi. Husemwa kuwa masomo ya namna hii ni njia ya kuuza vyeti rahisi. Hofu hiyo haikosi msingi; tumekwisha kuona vyeti visivyo na mtu nyuma yake. Lakini kinacholegezwa katika mpango mzuri ni saa na mahali, wala si kipimo. Anayesoma usiku baada ya kazi na anayesoma mchana bwenini watakutana kwenye mtihani mmoja, na ng'ombe hatawauliza walisomea wapi.

Wala sisi si wageni wa elimu inayomfuata mtu alipo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakachimba vyoo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975. Chuo Kikuu Huria kikaundwa kwa sheria mwaka 1992. Na leo VETA hupima ujuzi wa waashi, makanika na wapishi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti. Basi kama mwashi hupimwa kwa ukuta alioujenga, kwa nini msaidizi wa mifugo asipimwe kwa kazi ya mikono yake?

Msingi wa sheria nao upo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza, na ikaweka ngazi tatu: madaktari husajiliwa, wataalamu wasaidizi huandikishwa, na wasaidizi wao huorodheshwa. Vyuo vya mifugo vipo: Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Madaba na vinginevyo. Kinachohitajika ni daraja la kumtoa mtu ngazi moja hadi nyingine bila kumlazimisha aache kazi na nyumba yake.

Kwa hiyo nina mapendekezo manne.

Kwanza, masomo yagawanywe vipande. Mtu amalize kipande cha magonjwa yaenezwayo na kupe, apimwe, aandikiwe. Mwaka ujao achukue kipande cha dawa na matumizi yake. Akikatizwa na msiba au uzazi, asianze upya.

Pili, kila mwanafunzi awe na daftari la ujuzi na kiongozi kazini. Kiongozi huyo apewe muda na posho kwa kazi hiyo, na sahihi yake iwe na uzito. Atakayetia sahihi kwa jambo asiloliona aadhibiwe, kwani sahihi ya uongo ndiyo itakayouua mpango mzima.

Tatu, vitabu vya kujisomea viandikwe kwa Kiswahili sanifu na chepesi. Msaidizi huyu anazungumza na mfugaji kwa Kiswahili, anafikiri kwa Kiswahili, lakini karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa ni ya Kiingereza. Afundishwe kuisoma karatasi hiyo, lakini asinyimwe elimu ya mitoki eti kwa sababu hajui neno lake la kigeni.

Nne, na hili nawaambia ninyi maofisa utumishi: ruhusa ya siku moja kwa juma iandikwe, isiwe hisani ya mkuu wa kituo. Na mtu akihitimu, cheo chake kibadilike. Hakuna kinachovunja moyo kama kurudi na cheti na kukuta ufagio ule ule unakungoja mlangoni.

Ninakiri kuwa hayo yote yana gharama. Kukagua vituo kuna gharama, na vituo vingine havina hata darubini; hivyo havifai kufundishia mpaka vipatiwe. Lakini mtamba wa yule mama nao ulikuwa na gharama, na aliyeilipa si idara, ni yeye.

Wahenga walisema elimu haina mwisho. Kazi yetu ni kuhakikisha kuwa inao mwanzo, hata kwa yule aliyezaliwa mbali na chuo, mwenye watoto mgongoni na ng'ombe wa watu mikononi mwake.