Hotuba juu ya Utunzaji wa Mashine za Useremala



Wazee wetu wa pwani, kutoka Kilifi hadi Mambrui, walichonga milango na kuunda majahazi kwa tezo, patasi na keekee, na chombo kilichokuwa butu walikinoa kabla ya kuanza kazi. Sisi leo tunayo misumeno ya umeme, lakini desturi ile ya kutengeneza chombo kwanza twaelekea kuisahau.

Mwaka huu milango kadhaa ilirudishwa katika karakana yetu hapa Malindi kwa kuwa haikufungika sawasawa. Tulisema mashine imezeeka, tukaanza kuchangisha fedha za kununua nyingine. Kisha kijana wetu mmoja akapigwa tumboni na ubao uliorushwa na msumeno, akalazwa siku nne. Ndipo tulipoichunguza mashine ile, tukaona haikuzeeka. Ilikuwa imepotoka tu. Kosa lilikuwa letu.

Kwa hiyo yatupasa kushika mambo haya. Kwanza, umeme uzimwe na waya uchomolewe kabla ya mkono kugusa msumeno. Kidole hakinunuliwi dukani. Pili, tieni alama ya chaki kwenye jino moja, mpime kutoka jino hilo hadi mfuo wa meza likiwa mbele. Kisha zungusheni msumeno, mpime jino lilo hilo likiwa nyuma. Vipimo visipolingana, msumeno umekaa mshazari, na meno ya nyuma yataushika ubao na kuurusha. Legezeni bolti, msogeze polepole hadi vilingane. Tatu, kateni ubao, pindueni kipande kimoja, mviunganishe vipande vyote viwili juu ya meza. Nafasi ikionekana kati yao, kosa la msumeno ni nusu ya nafasi hiyo. Nne, unga wa mbao hunywa unyevu wa hewa yetu ya chumvi na kuleta kutu. Basi ufagiwe kila jioni, na meza ipakwe nta. Tano, noeni meno mapema, hasa baada ya kupasua mvule, ambao huweza kuwa na mawe ndani yake. Jino butu humlazimisha fundi kusukuma kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza.

Kazi hiyo ilitugharimu spana, chaki na alasiri moja. Fedha za mchango zimo sandukuni, na kijana wetu amerudi kazini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.