Usumbufu Wetu, Dhuluma ya Jirani
Mada kwa semina ya wazazi na vijana wa komini ya Ibanda, Bukavu



Nimeombwa niseme juu ya wajibu wa kusaidia. Naanza na malalamiko yetu, maana hayo tunayajua vizuri. Umeme wa SNEL unakatika jioni sufuria ikiwa motoni, na mitambo ya Ruzizi iko mlangoni petu tangu enzi za Wabelgiji. Maji ya REGIDESO yanakuja yanapotaka. Mvua ikinyesha, njia ya Panzi inakuwa tope tupu na wenye pikipiki wanapandisha bei. Mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, benki zilifunga, tukaanza kutoa komisheni ili tushike pesa zetu wenyewe. Yote hayo yanachosha, na anayelalamika hana kosa.

Ninachokataa ni maneno yanayofuata: "Nitasaidia nikitulia." Nimeyasikia kwenye mikutano yetu, yakisemwa na watu wema. Lakini Bukavu nani ametulia? Tukisubiri utulivu, hakuna atakayesaidiwa katika mji huu.

Tazameni Nyawera, pale tunapokwama kila siku kati ya taksi na wauzaji. Hapo ndipo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996. Vita vilikuwa vimekaribia, naye alikuwa ameandika na kupaza sauti kwa ajili ya watu wa Kivu na kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda pia, watu ambao wenyeji wengi walikuwa wamekwisha kuwachoka. Uchovu huo ulikuwa na sababu. Tangu 1994 kambi zilikuwa zimejaa na misitu ilikuwa inakwisha kwa kuni. Yeye aliyaona hayo yote, wala hakuyafanya kisingizio cha kunyamaza. Mwili wake ulilala njiani hadi kesho yake.

Mfano wa pili naupenda zaidi, kwa sababu haumhusu askofu. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, alishambuliwa nyumbani kwake mjini humu Oktoba 2012, na mtu aliyejaribu kumwokoa akauawa. Daktari akaenda ng'ambo pamoja na familia yake. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili wamnunulie tiketi ya ndege ya kurudi, na wengine wakaahidi kumlinda kwa zamu. Idjwi! Kisiwa ambako mama anavuka ziwa kwa mtumbwi apate soko. Kama kukosa umeme na barabara kungekuwa ruhusa ya kukaa kimya, wao wangekuwa wa kwanza kuipata. Januari 2013 daktari alirudi, na umati ukajipanga njiani kumpokea. Tuzo ya Nobel ilikuja baadaye, mwaka 2018; mananasi yalitangulia.

Sasa, mtu ataniuliza: mpaka uko wapi kati ya usumbufu na dhuluma? Chukueni maji. Mwenye nyumba Muhumba ana tangi juu ya paa. Bomba likikauka anakasirika, anaoga kidogo, basi. Katika parsele za mlimani, binti wa miaka kumi na miwili anaamshwa saa nane za usiku, anabeba bidoni ya njano ya lita 20, anashuka gizani peke yake kupanga foleni kwenye robine. Akishikwa njiani na mwanamume, neno usumbufu halitoshi tena. Pale kuna aliyetenda, na mara nyingi kuna wanaomficha. Bomba ni lile lile kwa wote wawili. Kwa hiyo sikubali tudharau shida ndogo. Ikimfikia asiye na pa kukimbilia, inaweza kumfungulia mlango mwenye nia mbaya.

Mambo ya kuficha tuliyaona Kavumu, kaskazini mwa mji wetu. Kuanzia 2013, wasichana wadogo, wengine bado wananyonya, walichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao, wakabakwa na kutupwa. Wengi waliletwa hapa Panzi. Mkuu wa kundi lililotenda hayo, Frédéric Batumike, alikuwa mbunge wa jimbo. Wazazi maskini walimshitaki mtu mwenye cheo na silaha. Mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Kavumu kwenyewe. Mashahidi walifichwa nyuso, sauti zao zikabadilishwa. Desemba 2017 Batumike na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha. Kesi ile haikusimama kwa nguvu za wazazi peke yao. Walikuwepo waganga walioandika walichokiona, wanasheria, wapelelezi, na watu wa kuwasindikiza.

Sisi wa Ibanda hatuitwi kila siku kwenye kesi kubwa. Tunaitwa kwenye kikao cha nyuma ya nyumba: mtoto amebakwa na jirani, wazee wamekusanyika, mbuzi na dola zinahesabiwa ili mambo yaishe "kirafiki". Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, haijui mbuzi. Wapo kati yetu waliokwisha kuketi katika vikao hivyo wakidhani wanaleta amani. Wakiitwa tena, wakatae kuketi, na waseme wazi kwa nini.

Kisha mtoto afikishwe hospitali kabla saa 72 hazijapita, maana dawa za kuzuia ukimwi hazingoji. Mama yake anahitaji nauli, mtu wa kukaa naye huko, mtu wa kwenda naye kwa mwendesha mashitaka, na mtu wa kuwapikia watoto waliobaki. Napendekeza kila avenyu ichague leo watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kuitwa saa yoyote kwa kazi hiyo, na nauli yao ichangwe kabla hawajaitwa.