Fenesi: Jina Lililokuja na Kaskazi

Leo naanzia uani kwa bibi yangu, chini ya mfenesi.

Siku ya kupasua fenesi sote tulijua mapema, kwa sababu harufu ilitangulia kutangaza. Bibi alitandika majani ya mgomba, akapaka mafuta ya nazi kwenye kisu na viganjani, maana utomvu wa fenesi ukikunata bila mafuta utakesha nao. Kisha tulikula. Kokwa tulizirusha jaani, na kuku wakazipita bila kuzijali. Zile kokwa ndizo zilizonifanya niandae kipindi hiki.

Lakini kwanza jina. Neno “fenesi” limevuka bahari. Wagujarati na Wamarathi, watu wa pwani ya magharibi ya India, tunda hili huliita phanas, na asili yake ni panasa la Kisanskriti. Ukishuka kusini hadi Kerala, jina linabadilika kabisa: huko ni chakka. Wareno walilisikia huko kusini wakasema jaca, na kutoka kwao Waingereza wakapata jina lao. Ukienda Bengali utalikuta kwa jina la tatu, kathal. Kwa hiyo sisi tunaposema fenesi, ulimi wetu unataja bandari. Unatuelekeza kwa mabaharia na wafanyabiashara wa Gujarati na jirani zao, waliokuja na pepo za kaskazi, wakauza nguo na shanga, wakasubiri kusi wapate kurudi kwao. Waganda nao husema ffene, na anayejua fenesi atalitambua mara moja.

Na si mzigo mwepesi kuusafirisha mti huu. Kokwa ya fenesi ikikauka haioti. Huwezi kuitia mfukoni kama punje ya mahindi ukaisahau mwaka mzima. Aliyeifikisha huku aliitunza njiani ikiwa na unyevu wake, au alibeba mche. Jina lake hatunalo, lakini kazi yake imesimama kwenye mashamba ya Unguja, Pemba, Tanga na Morogoro.

Sasa twende kwa Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier. Mwaka 1331 alipita Mombasa akielekea Kilwa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuangalia chakula, aliyataja matunda aliyoyakuta: ndizi, ndimu, na tunda tamu alilolifananisha na zeituni kwa umbo, akaliita jamun. Wengi wetu tutasema hiyo ni zambarau. Fenesi hakulitaja. Alikutana nalo baadaye, alipofika India, na hapo alilieleza kwa kirefu. Alishangaa kuona tunda linatoka kwenye shina lenyewe. Aliandika kwamba yale yanayozaliwa chini karibu na ardhi huitwa barki, nayo ni matamu zaidi, na ya juu huitwa shaki. Alihesabu fenesi kuwa bora kuliko matunda yote ya nchi ile.

Hayo majina mawili yananivutia sana. Watu wa Kerala hadi leo hutofautisha aina mbili: varikka, lenye nyama ngumu na tamu, na koozha, lenye nyama laini inayoteleza. Barki inafanana mno na varikka, na shaki ni chakka hasa.

Halafu Ibn Battuta akafika kwenye kokwa. Alisema watu huzichoma au kuzichemsha, na ladha yake ni kama ya maharagwe makubwa. Zaidi ya hapo, huzifukia kwenye udongo mwekundu zikadumu hadi mwaka unaofuata. Msikilizaji, karibu miaka 700 iliyopita kokwa ilikuwa akiba ya nyumba. Sisi tulipokea mti, tukapokea na jina, lakini wengi wetu hatukupokea jiko lake.

Jiko hilo ni pana. Sri Lanka, fenesi changa, kabla halijawa na utamu wala harufu, hukatwakatwa likapikwa mchuzi wa nazi na viungo. Likikomaa bila kuiva hupikwa likaliwa mahali pa wali, ndiyo maana mfenesi huitwa bath gasa, yaani mti wa wali. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu mmoja wa huko, Arthur V. Dias, aliendesha kampeni ya kupanda mifenesi milioni moja kisiwani. Watu wakampa jina la Kos Mama. Kos ni fenesi, na mama, kwa Kisinhala, ni mjomba. Mjomba Fenesi! Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, mchele uliokuwa ukitoka huko ulikatika, na mifenesi ikalisha familia nyingi.

Kwa mwili, gramu 100 za fenesi bivu zina takribani kalori 95, miligramu 448 za potasiamu, na vitamini C miligramu 13 na ushee. Kokwa zina wanga na protini nyingi kuliko nyama ya tunda yenyewe. Na tunda moja hulisha wengi: mwaka 2016 huko Pune, India, lilipimwa fenesi la kilo 42.72.

Mwezi uliopita nilinunua nusu fenesi sokoni Darajani, Unguja. Safari hii kokwa sikuzitupa. Nilizichemsha kwa chumvi kama nusu saa, nikamenya lile ganda jeupe, kisha nikaziunga kwa tui, kitunguu na bizari. Wanangu walidhani ni njugu za aina fulani. Sufuria ilirudi tupu, na mdogo akauliza kama kuna nyingine.