Nyuzi, Dakika na Desimali

Wasikilizaji wetu wa Masasi na Newala, nanyi wanafunzi mlio shuleni, leo twataka kunena juu ya kupima pembe, na jinsi ya kugeuza kipimo kimoja kiwe kingine. Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la waalimu wa hesabu peke yao.

Tukifungua ramani twaona Newala iko karibu na latitudo ya nyuzi 10 na dakika 56 kusini. Duara zima lina nyuzi 360; kila nyuzi moja hugawanywa dakika 60, na kila dakika sekunde 60. Hesabu hii ya sitini tumeirithi kwa watu wa Babeli ya kale. Lakini simu za siku hizi mara nyingi huonyesha desimali. Basi mtu akinakili nyuzi 10 na dakika 56 kuwa 10.56, amekosa, maana dakika 56 ni sehemu 56 katika 60, wala si katika 100. Tugawanye 56 kwa 60, twapata 0.93, kwa hiyo Newala ni 10.93.

Na ile 10.56 ni wapi? Tuzidishe 0.56 kwa 60, twapata 33.6, yaani dakika 33; ile 0.6 iliyobaki tuizidishe tena kwa 60, twapata sekunde 36. Tofauti yapita dakika 22, na kila dakika ya latitudo ni karibu kilomita 1.85. Mchimba kisima aliyeitwa Newala angeshusha vyombo vyake kilomita 41 kaskazini, na akina mama wa uwanda wa Makonde wangezidi kuteremka bondeni kutafuta maji.

Na mpaka je? Mwaka 1894 Wajerumani na Wareno walipatana kwamba, kusini ya mlango wa Ruvuma, mpaka wao uwe mstari wa nyuzi 10 na dakika 40, toka pwani hata uukute mto. Ndivyo Kionga ilivyokuwa ya Wajerumani, hata Wareno walipoitwaa mwaka 1916. Tukiuandika mstari ule 10.40, wawa wa dakika 24 tu, nao mlango wa mto uko karibu na dakika 28. Mstari wahamia kaskazini ya mto, na nchi yote ya Kionga yapotea kwa nukta moja!

Wahandisi wana radiani, ambayo ni karibu nyuzi 57.3, hiyo tuiache kwa leo.

Ziko na dakika za saa, zisizo ndugu wa hizi ila kwa jina. Jua hupita nyuzi 15 za longitudo kwa saa moja, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Kati ya Masasi na Newala pana karibu nusu ya nyuzi. Kwa hiyo jua la adhuhuri hufikia kilele chake Newala kwanza, na baada ya dakika mbili hivi hufikia Masasi, ijapokuwa saa za watu wa pande zote mbili zaonyesha wakati mmoja.