Ombi Lisiloandikwa Halijengwi: Jinsi Programu Huria Inavyoongezewa Kazi Mpya



Kila mwezi muuguzi wa zahanati ya kisiwani hujumlisha daftari zake: watoto waliochanjwa, kina mama waliojifungua, wagonjwa wa malaria. Hesabu hizo huingizwa katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya, ambao umejengwa juu ya programu iitwayo DHIS2. Hesabu zikichelewa au zikipotea, dawa na chanjo hupangwa kwa kubahatisha, na anayeumia ni mama aliyevuka bahari kwa mashua kuja kliniki. Kwa hiyo ni haki ya mkazi kujua ni nani anayeamua programu hiyo ifanye nini.

DHIS2 ni programu huria. Maana yake, msimbo wake uko wazi, hauuzwi, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma na kupendekeza mabadiliko. Mizizi yake iko Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na leo kazi yake inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Inatumika katika nchi zaidi ya 70.

Kenya si mtumiaji tu wa programu hiyo, imechangia kuibadilisha. Mpango wa kwanza ulikuwa kuiweka katika kompyuta za wilaya moja moja. Majaribio yakafanyika katika uliokuwa Mkoa wa Pwani, ikaonekana kwamba modemu ya simu inaweza kufikisha taarifa hadi seva moja kuu. Mwaka 2011 mfumo ukaenezwa nchi nzima kwa njia hiyo. Lakini intaneti ya simu haikuwa ya kutegemewa kila mahali. Mtu huanza kujaza fomu, mtandao ukakatika, kazi ikapotea. Hitaji hilo likafikishwa kwa watengenezaji, na programu ikapewa uwezo wa kuhifadhi taarifa ndani ya kivinjari mpaka mtandao urudi, kisha kuzituma. Lililoanza kama shida ya mtu wa wilayani likawa faida ya nchi nyingine nyingi.

Ombi kama hilo hupitia hatua zinazojulikana. Kwanza, huandikwa katika daftari la mradi na kupewa namba. Katika miradi mingi ya programu huria daftari hilo liko wazi mtandaoni, na kila ombi huitwa tiketi. Pili, wasimamizi hulisoma na kuuliza: je, limeshaombwa na mwingine? Litawafaa wangapi? Litaharibu kitu kinachofanya kazi? Tatu, likikubaliwa hupangiwa toleo na mtu wa kulitengeneza. Nne, hujaribiwa. Tano, hutolewa kwa watumiaji wote, na tiketi hufungwa. Katika kila hatua hali yake huandikwa: linasubiri, linatengenezwa, linajaribiwa, limekamilika, au limekataliwa. Na likikataliwa, sababu huandikwa pia.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na maombi ni hivyo hivyo. Linalosemwa kwa simu au barazani baada ya kahawa husahaulika, hata kama aliyelisikia alikuwa na nia njema.

Namna ya kuandika nayo ina uzito. Chukua mfano wa mtumishi anayeandika, “Mfumo ni mbovu, urekebishwe.” Hapo mtengenezaji hana pa kuanzia. Mwenzake anaandika, “Nikijaza fomu ya chanjo kwa simu, mtandao ukikatika kabla sijahifadhi, safu ya mwisho hufutika. Imetokea mara tatu wiki hii. Ningependa programu inionye kabla sijatoka.” Huyu amesema alichokuwa akifanya, kilichotokea, na anachotaka. Ombi la aina hii hata mtu aliye Oslo, asiyeijua Kiwayu wala Ndau, anaweza kulifanyia kazi.

Mafundi wa majahazi wa Matondoni wanalielewa jambo hili. Mwenye chombo akitaka nafasi ya injini, hulisema kabla mataruma hayajasimama. Akilisema baada ya mbao kugongwa na kalafati kutiwa, fundi atabomoa, na gharama itapanda. Kwenye programu pia, ombi linalokuja mapema hugharimu kidogo. Na kama vile chombo hakiwezi kubeba kila alitakalo kila abiria, programu nayo haiwezi kupokea kila ombi. Programu iliyojazwa kila kitu huwa nzito, na wa kwanza kuteseka ni mwenye simu ndogo na mtandao hafifu.

Basi mkazi afanye nini? Mtumishi wa zahanati aandike tatizo siku lilipotokea, alipeleke kwa afisa wa kumbukumbu za afya, aulize limesajiliwa kwa namba gani, kisha alifuatilie. Toleo jipya likifika, alijaribu na kusema kama tatizo limekwisha, kwa sababu tiketi inayofungwa bila aliyeomba kuulizwa huenda imefungwa mapema. Vijana wanaosomea kompyuta nao wana mlango hapa. Programu huria haimwombi mtu cheti. Anaweza kuanza kwa kutafsiri maneno ya Kiswahili au kueleza hitilafu vizuri, na baadaye akaandika msimbo.

Utaratibu huu unafaa hata nje ya kompyuta. Tangu Katiba ya 2010, zahanati na huduma za msingi za afya ziko chini ya kaunti, na ushiriki wa umma ni haki. Mwananchi anayeomba gati, kisima au chumba cha kujifungulia katika mkutano wa wadi afanye vivyo hivyo: aeleze hitaji kwa ukamilifu, ahakikishe limeandikwa, ajue limekabidhiwa nani, na arudi kuuliza limefika wapi. Likikataliwa, aulize sababu na ahakikishe imeandikwa, ili atakayeliomba tena mwakani asianze upya.